Ufukweni Hawaulizani Ukoo

Mtu akiniambia kwamba filamu za vijana wa ufukweni ni upuuzi, simbishii. Ni upuuzi mtupu. Msichana anateleza, anaangukia mikononi mwa mvulana ambaye hajawahi kumwona, na kabla hajasimama vizuri watu wote waliokuwa wamejilaza kwenye taulo wanaamka na kuimba wimbo ambao hakuna aliyewafundisha. Jua linawaka kutwa na hakuna anayeumwa kichwa. Hakuna anayefua wala anayepika. Wazazi wapo, lakini wapo kama viti vilivyopo, ili vijana wapite kando yao wakienda kucheza. Najua haya yote, na bado ukiniwekea moja sasa hivi nitaacha ninachofanya nikae nitazame.

Nimezaliwa Isiolo na bahari sijaiona kwa macho yangu. Wenzangu wanapenda filamu za kulia, zile ambazo tajiri anampenda maskini kwa vipindi visivyoisha na mama mkwe anatia sumu kwenye chai. Mimi nalia vya kutosha bila kusaidiwa na mtu. Nilitaka mahali ambapo jambo baya kabisa linaloweza kutokea ni mvua kuharibu sherehe. Hata hapo nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu huku kwetu mvua ikinyesha, hiyo ndiyo sherehe.

Lakini kilichonishika kweli kilikuwa kingine. Katika filamu hizo hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Isiolo huwezi kununua hata kitunguu kabla hujaulizwa. Unaitwa nani, baba yako yupi, yule wa Merti au yule wa Garbatulla, nyinyi ni ukoo gani. Mama mzee akikushika mkono sokoni hakuachilii mpaka amefika kwa babu wa babu yako na kurudi. Kule ufukweni mvulana anauliza tu, "Unaitwa nani?" Msichana anataja jina, moja tu, kisha wanaanza kucheza. Mara ya kwanza kuona hivyo nilirudisha nyuma nikatazama tena. Nilidhani kuna sehemu imerukwa.

Filamu hizo nilizipata kwa Abdinasir. Duka lake la filamu lilipakana na duka la maziwa la mama yangu, ukuta mmoja. Mama, Sabdio, huuza maziwa ya ngamia. Yanaletwa asubuhi na pikipiki kutoka Gotu, tunayapima, tunayachuja, tunayapakia kwenye basi la Nairobi. Baada ya basi kuondoka kunabaki mitungi ya kuosha na mchana mrefu. Huo mchana mrefu nilianza kuupeleka jirani. Watu walimletea Abdinasir flashi zao naye akawajazia wanachotaka, na karibu wote walitaka risasi na magari yanayoruka.

"Hii unataka haina hata bunduki moja," aliniambia siku ya kwanza.

"Nani amekuambia mimi nataka bunduki?"

"Ni watu wanaimba tu kwa mchanga. Watu wazima, wana afya, wanaimba."

"Weka na unyamaze."

Akaweka. Niliporudi alikuwa ametafuta nyingine, na nyingine tena, na nikagundua kwamba anazitazama kwanza ili ajue ni ipi nitaipenda. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema kitu cha kuchekesha, hivyo mara nyingi kichekesho chenyewe hukukisikia. Alisimama ndani ya kaunta, mimi nikasimama nje kwenye baraza, mlango wazi kabisa ili wenye midomo wakose la kusema. Skrini aliigeuza ubavu, kila mtu aone nusu yake. Nyimbo zikianza alizitafsiri kwa Kiborana, maneno ya kubuni tu. Mvulana aliyekuwa akiimba juu ya mapenzi na mawimbi, kwa Abdinasir alikuwa akilalamika kwamba basi la Nairobi limemwacha na maziwa yake yanaganda. Nilicheka hadi mama akauliza kutoka upande wa pili kama nimeumwa na kitu.

Siku moja nilimweleza hilo la jina moja. Nilimwambia ningependa, hata kwa saa moja tu, kuwa mtu asiyekuwa na ukoo. Alisimamisha filamu kwanza.

"Basi hapa kwa kaunta ndio ufukweni," alisema. "Mimi Abdinasir, wewe Umulkheir. Tusiulizane ingine."

Nikakubali. Ulikuwa mchezo wa watu wazima wawili ambao walipaswa kuwa na akili zaidi, na ulinipa raha ambayo sijaipata mahali pengine popote.

Ila mimi si mjinga. Moyo ulipoanza kunienda mbio kila nikisikia akifungua mlango wake asubuhi, nilijua lazima niulize, hata kama si pale kaunta. Sisi Waborana tumegawanyika pande mbili, Sabbo na Gona. Wa Sabbo anaoa Gona, na wa Gona anaoa Sabbo. Wawili wa upande mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana, hata kama mmoja amezaliwa Ethiopia na mwingine Nairobi. Uislamu haukukataza, lakini hakuna mzee atakayekaa kwenye mkeka kuibariki ndoa hiyo. Mimi ni wa ukoo wa Karayu, na Karayu ni Sabbo. Kwa hiyo nikamwendea Asho, anayeuza nguo ng'ambo ya barabara na anayejua habari za mji mzima kabla hazijatokea.

"Abdinasir? Si ni mtoto ya Huqa mwenye duka ya nafaka," Asho alisema. "Hao ni Warjida. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hiyo uso si ya hakuna kitu."

Warjida ni Gona. Nilirudi nikaosha mitungi na kuimba wimbo wa basi lililoacha mtu, na nikaona kwamba hata desturi yenyewe imenipa ruhusa.

Abdinasir kwa upande wake hakumuuliza mtu, kwa sababu hakuona haja. Mji mzima uliniita binti wa Mohamedamin. Mohamedamin ni mume wa mama yangu, Msomali wa Isaaq ambaye babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza, na yeye sasa ana lori linalobeba mifugo kwenda Nairobi. Binti wa Kisomali hayumo katika hesabu ya Sabbo na Gona. Hakuna aliyemwambia Abdinasir kwamba baba yangu mzazi alikuwa Mborana aliyekufa nikiwa natambaa, na kwamba Mohamedamin alinikuta nikiwa mkononi mwa mama akanichukua. Nani angemwambia? Mohamedamin mwenyewe husahau.

Mama alijua kinachoendelea upande wa pili wa ukuta. Alikuja siku moja kunitafuta, akaikuta skrini imejaa bahari, vijana wakirukaruka mbele yake na miamvuli yao ya rangi.

"Hayo maji ni ya chumvi?" aliuliza.

"Ya chumvi, mama," Abdinasir akajibu.

Mama akashusha pumzi ndefu. "Chumvi yote hiyo. Na hakuna hata ngamia mmoja."

Ngamia wetu hutembezwa mbali sana kutafuta maji ya magadi, na wakikosa chumvi, maziwa hupungua. Mama alisimama pale baraza akiwatazama wale vijana bila kuwaona. Alikuwa akitazama mchanga uliokuwa nyuma yao na vile vichaka, na nilijua anawaona ngamia wake wamepiga magoti pale, wameshiba. Uso wake ulikuwa na hamu ambayo nilidhani ni yangu peke yangu. Tangu siku hiyo, akiwa hana kazi, aliuliza kama ile ya chumvi inaonyeshwa.

Tulipanga kwamba baada ya harusi tutakwenda Malindi. Abdinasir alisema atanunua shati lenye maua na atateleza kwa makusudi mbele za watu ili nimdake. Nilimwambia nitamwacha aanguke. Usiku nilikuwa nikilala nikiwaza maji yakinifika magotini, dera langu limeshikwa juu, na yeye pembeni akicheza vibaya, kwa sababu hakujua kucheza hata kidogo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho, na sioni haya kukisema.

Posa ililetwa nyumbani kwetu, nyuma tu ya duka la maziwa, siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Mohamedamin alichinja mbuzi. Dida, kaka mkubwa wa baba yangu mzazi na walii wangu, yaani mwenye haki ya kuniozesha, alikuja kutoka Gotu nyuma ya pikipiki ya maziwa, kilemba chake kimejaa vumbi. Huqa akafika na wazee wawili, wamebeba sukari na kahawa. Sisi wanawake tulikaa chumba cha ndani, pazia katikati. Mama alikuwa ameweka jikoni buna, yaani kahawa inayokaangwa kwenye samli ikiwa na maganda yake, tayari kutolewa wazee wakishakubaliana. Abdinasir hakuruhusiwa kuwapo. Alikuwa dukani kwake, na nilimsikia amefungulia wimbo wa mwisho wa filamu moja kwa sauti kubwa ili nijue anangoja.

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona Huqa akitazama huku na huku.

"Salaam aleikum. Nilifikiria nitapata wazee wa Isaaq wamejaa hapa."

"Mimi nililea tu," Mohamedamin alisema. "Mwenye msichana ni huyu mzee, Dida. Ni ndugu ya baba yake."

"Baba yake ni Borana?"

"Borana kabisa," Dida akasema kwa furaha. "Sisi ni Karayu. Na wewe nimeambiwa ni Warjida. Hii mambo imekaa vizuri sana."

Mama akaniminya goti kwa furaha. Upande wa pili wa pazia nilisikia Huqa akiweka kikombe cha chai chini.

"Mimi ni Warjida," alisema mwishowe. "Lakini kijana si wangu. Ni ya dada yangu. Mimi ni abuya wake."

Abuya ni mjomba, ndugu wa mama. Hakukuwa na haja ya kuongeza neno. Kama mama yake ni Gona, baba yake ni Sabbo, haiwezi kuwa vingine. Mkono wa mama ukaondoka gotini kwangu.

"Baba yake nani?" Dida aliuliza, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Galgalo. Karayu wa upande wa Sololo. Alikufa, mama akamfuata, mtoto bado mdogo. Nikamleta hapa, nikamwandikisha kwa jina yangu."

Samli ikaanza kutoa moshi na hakuna aliyeiondoa. Mimi nilikuwa nikingoja mtu aseme kwamba kuna njia, kwamba mbona Sololo ni mbali, kwamba wazee wengine waulizwe. Badala yake nikasikia mtu analia, na alikuwa Dida. Kwa muda mfupi nilimpenda sana yule mzee. Nilidhani ananililia mimi.

"Huyo mtoto tulimtafuta," alisema. "Galgalo tulichunga na yeye. Tuliambiwa mtoto amekufa pamoja na mama. Huqa, umetulelea mtoto wetu na sisi hatujui." Kisha akaita kwa nguvu kupitia pazia. "Umulkheir. Mungu amekupatia kaka."

Wakasimama wote. Walikumbatiana, wakashukuru, wakaomba dua. Mohamedamin alikuwa anafuta macho kwa mkono wa kanzu. Huqa alisema mara mbili kwamba ni makosa yake kutouliza, na wakamwambia asijilaumu, amefanya kazi ya baba. Ndani ya nyumba ile kila mtu alikuwa amepata kitu isipokuwa mimi. Nilitaka kulirarua lile pazia. Nilitaka mtu mmoja tu akasirike pamoja nami, na hakukuwa na mtu, walikuwa wamefurahi kweli, na furaha yao ilikuwa halali. Dukani wimbo ulikuwa bado unaendelea.

Katika filamu za ufukweni nako hukosi kizuizi. Msichana ni wa kundi la wenyeji, mvulana ni wa kundi la wageni wa likizo, na makundi hayo hayapatani. Lakini dawa yake ni rahisi. Makundi yanaimba pamoja, mtu mmoja mwenye roho mbaya anasukumwa majini akiwa na nguo zake, basi, yamekwisha. Sisi shida yetu ilikuwa kwamba sote ni wa kundi moja. Hakukuwa na wa kupatanishwa. Nilitafuta sana mtu mbaya wa kumsukuma majini katika hadithi yetu na nikamkosa.

Sikwenda kaunta siku nyingi. Nilipokwenda nilikuta skrini imezimwa na Abdinasir amekonda.

"Nimeuliza sheikh," alisema kabla sijamsalimu. "Anasema hakuna haramu. Hakuna damu hapo, hata babu wa babu hatushirikiani."

"Nilijua atasema hivyo."

"Twende Malindi. Tuoane huko tukae huko huko. Huko nani anajua Sabbo ni nini?"

"Lini?" nikauliza.

Sikuona aibu. Kichwani nilikuwa nimeshafunga nguo zangu na kumuaga mama. Lakini yeye akainama, akaanza kuchezea waya wa skrini, na nikaona kwamba alitaka nikatae ili asilazimike kusema lililofuata.

"Kuna kitu moja inanisumbua," alisema. "Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wetu. Akipata shida kama ile mimi nilipata." Alisema polepole, na safari hii hakucheka. "Mimi nililetwa kwa lori, Umul, nimelazwa juu ya magunia. Nilikuwa na homa. Baba hakuna, mama hakuna. Huqa hakuuliza ataniweka mpaka lini. Abuya hawezi kukufukuza, hiyo ndio kazi yake. Yeye ni wa upande ingine, na ukiharibikiwa huku unakimbilia kule. Sasa mtoto wetu atakimbilia wapi? Ndugu zako Karayu. Ndugu zangu Karayu. Wakikasirika na sisi wamekasirika wote. Hatakuwa na ule mlango mwingine."

Basi nikamtukana. Nilimwambia ni mwoga, anauzia watu ngoma na yeye mwenyewe mguu hawezi kuuinua. Alikubali kila neno. Kama angenijibu labda tungegombana, na tukigombana labda tungeondoka, kwa hasira tu, watu huondoka hivyo. Nilirudi kwetu nikaosha mitungi iliyokuwa safi, na mama akaniacha niioshe.

Baadaye Dida alimpa Abdinasir ngamia jike, mdogo, mwenye afya, kwa sababu ukoo ukimpata mtu wake aliyeishi bila kitu hauwezi kumwacha hivyo. Alikwenda Gotu kumpokea na akarudi na picha kwenye simu, akamwonyesha mama. Wazee wakaanza kumwita kwenye vikao vyao. Watu walinipongeza sokoni. Hongera, umepata kaka. Niliwashukuru huku nimeuma meno. Asho peke yake hakunipongeza. Alinipa kipande cha kitambaa cha dera, cha rangi ya bluu, akaniambia nikae kwenye stuli yake mpaka nitakapotaka kuondoka.

Nilirudi kaunta, kwa sababu kutokwenda kulikuwa kubaya zaidi. Aliniwekea filamu kama zamani. Nyimbo zilipoanza hakuzitafsiri, na nilizisikia kwa mara ya kwanza kwa maneno yake yenyewe, ya Kiingereza, na hayakuwa na maana kubwa. Tulitazama watu wakicheza. Wakati mwingine nilimwona anainua kidole kidogo mezani kufuata ngoma, kisha anakumbuka anakishusha. Niliporudi nyumbani nilikuwa na njaa ambayo chakula hakikuigusa.

Mvua za masika zilipoisha akaja Chachu. Alikuwa mchanja mifugo, mtu wa Garbatulla, na alikutana nami kwanza dukani alipokuja kumuuliza mama juu ya ngamia waliokuwa wakikohoa. Alinihadithia jinsi ngamia mmoja alivyomtemea cheu usoni mbele ya mkubwa wake wa kazi, na nikacheka kabla sijajizuia. Alirudi tena. Hakujificha wala kuzungukazunguka. Alimwendea Dida akamwambia anachotaka, na Dida akamwambia wazee wake waje.

Walipokaa nyumbani kwetu, ilibidi mtu aje kuniuliza kama nimeridhia. Hiyo ni kazi ya kaka. Hapa mjini sikuwa na kaka mwingine.

Abdinasir alinikuta nyuma ya duka nikisugua mitungi kwa maji ya moto. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, na alisimama upande wetu wa ukuta, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kusimama.

"Dida amenituma," alisema. "Kuna mtu anakutaka."

"Namjua."

"Mimi nimemuuliza. Kila kitu. Baba yake, mama yake, abuya wake. Nimeenda mpaka kwao Garbatulla, mama yake akanipa chai. Nimepigia simu mpaka watu wa Moyale. Ni Gona, hakuna makosa safari hii. Halewi. Anasaidia wadogo zake. Majirani hakuna mwenye kumsema vibaya, na niliwapa nafasi wamseme. Ni mtu mzuri, Umul."

Hasira ilinipanda, kwa sababu nilimwona akipita nyumba kwa nyumba katika jua la Garbatulla akiuliza maswali yale yote, na nilijua alivyoyauliza kwa uaminifu, bila kupunguza sifa hata moja.

"Na wewe unataka nijibu nini?"

Alitazama mitungi.

"Nataka useme hapana," alisema. "Ndiyo maana usinisikilize."

Ningeweza kusema hapana. Naijua vizuri sana hapana hiyo ingekuwaje. Angekwenda kuwaambia wazee, wangesikitika kidogo, wangekunywa chai wakaondoka. Kesho yake ningesimama kwenye baraza na yeye ndani ya kaunta, na skrini imegeuzwa ubavu. Angekuja mwanamume mwingine na Abdinasir angemtafutia kasoro, na asipoipata angenitazama hivi anavyonitazama. Tungezeeka pale, watoto wa watu wakirukaruka kwenye mchanga mbele yetu, bila mtu kutugusa wala kutulaumu. Ingekuwa tamu. Niliitaka. Niliitaka mpaka mikono ikawa baridi ndani ya maji ya moto.

Nikamwambia akawaambie wazee nimekubali.

Aliitikia kwa kichwa. Akaweka kofia yake sawa, ingawa ilikuwa sawa.

"Nitawaambia, dada," alisema.

Miezi yote ile alikuwa hajalitumia neno hilo. Alilisema vizuri, kwa upole, kama mtu anayeshusha mzigo mahali panapotakiwa, kisha akapita mlango wa nyuma kuelekea nyumbani kwetu. Kutoka pale nilipokuwa nimechuchumaa nilimsikia akiwasalimu wazee. Nilimsikia Dida akimuuliza kama nimekubali kwa hiari yangu, na yeye akajibu kwa sauti kubwa isiyotetemeka kwamba amelisikia kwa masikio yake kutoka kinywani mwangu. Wazee wakaanza dua. Nililia palepale, bomba likiwa wazi, na kila dua ilipofika mwisho niliisikia sauti yake pamoja na za wengine, ikiitikia.